Saa na Ishara katika Historia ya Mto Rufiji

Kazi yoyote ifanywayo na watu wengi kwa pamoja huongozwa na mojawapo ya mambo mawili, nayo ni saa na ishara. Aongozwaye na saa huugawa muda katika mafungu yaliyo sawa, na likifika fungu lake hutenda, liwe limetokea jambo au halikutokea. Aongozwaye na ishara hukaa tayari, asitende hata apate alama aliyoagana na wenziwe. Watu wa mwambao wamezijua njia hizi zote mbili tangu kale. Sala tano hufuata mwendo wa jua, ambao waweza kuhesabiwa na kuandikwa mwaka mzima kabla. Lakini mfungo wa Ramadhani kwa desturi hungojea mwezi uonekane kwa macho, na wingu moja la magharibi laweza kuichelewesha saumu ya kijiji kizima kwa siku moja. Katika ngoma nako, chapuo hushika mdundo wake bila kugeuka, ilhali wachezaji hawabadili mchezo mpaka ngoma kubwa iwape alama. Chapuo likiwa peke yake, mchezo hauna mwelekeo. Ngoma kubwa ikiwa peke yake, wachezaji hawajui waweke mguu wapi.

Wanahistoria aghalabu hushughulika na saa kuliko ishara. Hutaja mwaka, mwezi na tarehe, wakaona wamekwisha kulieleza jambo. Lakini mambo mengi makubwa yalifaulu au yaliharibika, si kwa sababu ya siku yaliyotendwa, bali kwa sababu ya ishara iliyosikiwa au isiyosikiwa, iliyongojewa au iliyotanguliwa. Nchi ya Rufiji, kuanzia Ngarambe hata delta iliyo leo katika wilaya ya Kibiti, ina mifano miwili ya jambo hili iliyopishana kwa miaka kumi tu: mmoja ni wa mwaka 1905, na wa pili ni wa miaka 1914 na 1915.

Kwanza yafaa kuitazama nchi yenyewe. Mto Rufiji humwaga maji yake baharini mkabala wa kisiwa cha Mafia kwa midomo mingi, ambayo mashuhuri miongoni mwake ni Kikunja, Simba Uranga, Kiomboni na Msala. Kati ya midomo hiyo umesimama mmojawapo wa misitu mikubwa ya mikoko katika Afrika ya Mashariki, na boriti zake zilikatwa kwa karne nyingi, zikapakiwa majahazini na kupelekwa Arabuni na Ghuba ya Uajemi. Maisha ya hapo hupimwa kwa maji. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa kila usiku na mchana. Kila siku hukawia yapata dakika 50 kuliko siku iliyotangulia. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu huja bamvua, na mwezi ukiwa nusu huja maji mafu. Mkata mikoko huingia kijitoni maji yakijaa na kutoka yakianza kupwa, na aliyechelewa hulala matopeni mpaka maji mengine. Hii ni saa isiyotiwa ufunguo na isiyosimama, nayo haimwonei mtu wala haimhurumii.

Mfano wa kwanza haukutoka deltani bali ulitoka bara kidogo, kusini ya mto. Tangu mwaka 1902 serikali ya Wajerumani, chini ya Gavana von Götzen, ilikuwa imewalazimisha watu wa pwani ya kusini kulima pamba katika mashamba ya pamoja, kwa kazi nyingi na malipo yasiyotosha kitu. Mwaka 1904, huko Ngarambe, alitokea Kinjikitile Ngwale, aliyesemekana kuingiwa na pepo aliyeitwa Hongo. Aliwapa watu maji ya dawa na kuwaahidi kwamba risasi za Wajerumani hazitawadhuru. Habari zake zilikwenda kwa mnong'ono, kinywa hata kinywa, na watu wa makabila yaliyokuwa hayajuani wakawa wanakwenda Ngarambe kwa makundi. Kwa masimulizi ya wazee yaliyokusanywa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 1960, neno la Kinjikitile lilikuwa moja: kaeni tayari, mngoje amri.

Amri haikuja. Mwishoni mwa Julai 1905, watu wa Nandete, katika vilima vya Umatumbi, walichoka kungoja, wakaingia katika shamba la serikali na kung'oa pamba. Kitendo hicho kilikuwa ndicho ishara; hakuna aliyeweza tena kuirudisha. Tarehe 4 Agosti 1905 Kinjikitile alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro, na aliyepaswa kutoa amri akawa hayupo. Vita vikaenea kama moto wa nyika, si kama jeshi: kila nchi ilianza habari zilipoifikia, na Wangoni walipoingia mwezi Septemba, nchi nyingine zilikuwa zimekwisha kupigwa. Vita vya Majimaji vilipokoma mwaka 1907, waliokufa kwa risasi, na zaidi kwa njaa, walikisiwa na serikali kuwa 75,000, na wataalamu wa baadaye wamekisia hesabu inayokaribia 300,000. Ebrahim Hussein, katika tamthilia yake Kinjeketile ya mwaka 1969, amelifanya suala hilo la kungoja kuwa mojawapo ya nguzo za mchezo.

Yaweza kuulizwa kama kungoja kungalisaidia. Bunduki za rashasha zingalikuwa zile zile. Lakini ni dhahiri kwamba watu waliounganishwa na ishara moja walihitaji mtoa ishara mmoja, na njia ya kujua kwamba ishara iliyowafikia ndiyo yenyewe. Mnong'ono ulikuwa na nguvu ya kuenea. Haukuwa na nguvu ya kuzuia.

Mfano wa pili ni wa mataifa yenye simu, saa za mfukoni na vitabu vya kupwa na kujaa, nao waonyesha kwamba vyombo hivyo havikuwaokoa na tatizo lile lile. Manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyokuwa na mizinga kumi ya sentimita 10.5, ilifika Dar es Salaam Juni 1914 chini ya Kapteni Max Looff. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 iliishambulia na kuizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus, iliyokuwa ikitengenezwa mitambo yake katika bandari ya Unguja. Baada ya hapo Königsberg yenyewe iliharibikiwa, ikajificha katika delta ya Rufiji, ambayo Wajerumani walikuwa wameipima vizuri kuliko Waingereza. Vipande vya tanuri zake vilifunguliwa, vikapelekwa Dar es Salaam kwa njia ya nchi kavu, vikavutwa na mamia ya wapagazi, vikatengenezwa na kurudishwa vivyo hivyo.

Waingereza walipata habari ya Salale katika karatasi walizoziteka ndani ya meli Präsident huko Lindi, na tarehe 30 Oktoba 1914 manowari Chatham iliona milingoti ya Königsberg juu ya mikoko. Tokea siku hiyo mpaka mwisho ilipita zaidi ya miezi minane. Manowari kubwa hazikuweza kuingia kwa sababu ya kina cha maji. Mizinga ya baharini haikufika. Na waliofika karibu hawakuona kitu ila miti. Mwezi Novemba 1914 waliizamisha meli ya Newbridge katika mmojawapo wa midomo ili kuuziba, lakini delta yenye midomo mingi haizibwi kwa kizibo kimoja. Januari 1915 waliiteka Mafia, ili wapate mahali pa kuweka ndege. Tarehe 1 Machi 1915 walitangaza kuizingira pwani yote ya koloni la Wajerumani, na mashua za watu wa pwani, ambao vita hivi havikuwa vyao, zikafungiwa bahari.

Juni 1915 ziliwasili Severn na Mersey, meli mbili za mizinga zilizokuwa zimejengwa kwa ajili ya serikali ya Brazil kwa kazi ya mitoni, zenye kuhitaji maji ya chini ya mita mbili. Pamoja nazo zilikuja ndege zenye simu ya upepo. Shauri lilikuwa kwamba meli ziingie mtoni na kupiga kwa kufumba, na mtazamaji aliye angani azipelekee ishara fupi za herufi, akisema kombora limepita, limepungua, limekwenda kulia au kushoto. Kwa hiyo mpiga mzinga hakuongozwa na macho yake. Aliongozwa na ishara iliyomfikia baada ya tendo.

Tarehe 6 Julai 1915, kabla ya mapambazuko kukamilika, meli zile mbili ziliingia kwa mdomo wa Kikunja maji yakijaa, zikatia nanga yapata kilomita kumi kutoka kwa adui na kuanza kupiga. Wajerumani nao walikuwa na utaratibu wao wa ishara. Watazamaji walifichwa ufukoni na juu ya miti, nao walipeleka habari kwa simu ya waya hata melini. Utaratibu huo ulikuwa mzuri kupita ule wa wapinzani wao: Mersey ilipigwa mapema, watu wake wakafa. Baadaye Severn iliona watu juu ya jukwaa la mtini, ikawapiga, na makombora ya Königsberg yakapungua usahihi tangu hapo. Kukata ishara ya adui kulifaa kuliko kumpiga adui mwenyewe.

Waingereza kwa upande wao walipiga zaidi ya makombora 600 siku ile, na ni machache tu yaliyofika. Sababu kubwa ilikuwa kwamba meli zote mbili zilipiga kwa wakati mmoja. Mtazamaji aliona maji yakiruka mahali pawili, akapeleka ishara kwamba kombora limepungua. Lakini kombora la nani? Ishara ilikuwa ya kweli, isipokuwa haikuwa na mwenyewe. Severn ikisahihisha kosa la Mersey, iliharibu shabaha yake iliyokuwa nzuri, na Mersey vivyo hivyo. Tena kombora huchukua sekunde nyingi kufika, na ishara huchukua muda kurudi, hata meli yenye haraka ilikuwa imekwisha kupiga jingine kabla ya kupata habari za lile la kwanza. Ndege nazo zilikuwa chache. Kila moja iliporudi Mafia, mizinga ilipiga gizani. Alasiri meli zilitoka bila kuimaliza kazi.

Somo lilifahamika mara moja. Tarehe 11 Julai utaratibu ulibadilishwa: ikapiga meli moja tu kwa zamu, ili kila ishara itokayo angani iwe na mwenyewe mmoja asiye na shaka. Mizinga ile ile, ndege zile zile na mto ule ule; kilichobadilika ni mpango wa zamu. Siku hiyo meli ziliingia karibu na adhuhuri, jambo linaloafikiana na mwendo wa maji, ambayo katika siku tano husogea kwa saa kadhaa. Mwezi ulikuwa ukielekea kuandama, kwa kuwa mwandamo wa falaki ulikuwa tarehe 12 Julai 1915. Kwa hiyo maji yalikuwa yakielekea bamvua, na Waislamu wa delta walikuwa wakiungojea mwezi wa Ramadhani ya mwaka 1333 wa Hijra wakati mizinga ilipolia mchana.

Angani alikuwa rubani Cull na mtazamaji wake Arnold. Severn ilipiga, ikangoja, ikapata ishara, ikasahihisha, ikapiga tena. Na baada ya mizunguko michache makombora yakaanza kuingia melini. Ndipo injini ya ndege ikapigwa. Rubani alipokuwa akiiteremsha ndege kuelekea mtoni, Arnold hakuacha kupeleka masahihisho, na ishara zake za mwisho ziliiweka mizinga ya Severn mahali pake. Ndege ilianguka majini karibu na Mersey, na wote wawili wakaokolewa. Kabla alasiri haijaingia sana Königsberg ilikuwa ikiwaka, na Kapteni Looff, aliyekuwa amejeruhiwa, aliamuru mabaharia wake waipasue wenyewe.

Ukiitazama vita hiyo kwa jicho la leo, lile tatizo la tarehe 6 Julai laonekana kuwa ndugu wa tatizo linalowasumbua watu wa fani ya mbali kabisa, nao ni waandishi wa programu za muziki. Mwaka 1957 Max Mathews, katika maabara ya Bell huko Marekani, aliandika programu iliyoitwa MUSIC, iliyoifanya kompyuta kutengeneza sauti za muziki. Programu za namna hiyo zilifuata saa tupu: kila sauti iliandikiwa wakati wake mapema, na kompyuta ikaifuata orodha kama baharia afuatavyo kitabu cha kupwa na kujaa. Mwanamuziki aliye hai hakuwa na nafasi humo. Mwaka 1981 Mathews na Joseph Pasquale walieleza programu iitwayo RTSKED, ambayo jambo lililopangwa liliweza kungoja ama wakati wake ufike, ama mwanamuziki atoe alama. Katika miaka ya 1980 hiyo hiyo Miller Puckette, katika taasisi ya IRCAM mjini Paris, alitengeneza programu ya vipande vinavyounganishwa kwa nyuzi, akaiita Max kwa heshima ya Mathews.

Programu za vipande kama hiyo huishi kwa ishara. Kipande kimoja hupeleka ujumbe, kingine huupokea na kutenda. Kanuni ya MIDI, iliyokubaliwa na watengenezaji wa vinanda mwaka 1983, iliupa kila ujumbe wa sauti nambari ya njia, katika njia 16, ili mpokeaji ajue ujumbe ni wa nani. Hilo ndilo lililokosekana angani juu ya Rufiji. Lakini ujumbe huo upelekwapo moja kwa moja hauna saa ndani yake. Wakati wake ni ule unapofika, na ukikawia njiani hakuna ajuaye kwamba umekawia. Kwa hiyo Max huweka foleni mbili: moja ya haraka, ya mambo ya muziki yasiyoweza kungoja, na nyingine ya chini, ya kuchora picha kiooni na shughuli nzito. Mwandishi wa skripti ya JavaScript ndani ya kipande chake cha zamani kiitwacho js hana budi kukumbuka kwamba skripti hiyo hutendwa katika foleni ya chini. Akiipa kazi ya kushika mdundo, mdundo utayumba kila kompyuta ishughulikapo na jambo jingine. Waliozoea huiacha saa mikononi mwa kipande kilichoundwa kwa kushika saa, na skripti huiachia kazi ya kufikiri: sauti gani ifuate, na ibadilike lini. Chapuo halipewi mtu mwenye kuzungumza na wageni.

Waama hapa pana kanuni tatu ambazo Rufiji ilizifundisha kwa damu kabla hazijaandikwa kwa programu. Ya kwanza, ishara isiyo na mwenyewe ni mbaya kuliko kukosa ishara. Ya pili, atendaye kwa ishara hana budi kungoja jibu la tendo lake kabla ya kutenda tena. Ya tatu, ambayo watu wa 1905 waliilipia zaidi, ni kwamba njia ya kuanzisha jambo haitoshi, kama haina njia ya kulizuia.

Imebaki kanuni ya nne, nayo ni ya mwanahistoria mwenyewe. Katika programu, ujumbe uliopelekwa mahali pasipo msikilizaji hupotea bila alama. Hakuna kosa linaloandikwa, wala kengele inayolia. Historia ya delta imejaa ujumbe wa namna hiyo. Mwendo wa mapigano ya Julai 1915 umeandikwa dakika kwa dakika, kwa kuwa katika kila meli alikuwako mtu aliyeshika saa na kalamu. Majina ya manahodha, ya rubani na ya mtazamaji wake yamehifadhiwa. Mizinga yote kumi iliopolewa majini, ikapelekwa Dar es Salaam kutiwa magurudumu, ikatumika katika vita vya nchi kavu. Mmoja umewekwa Mombasa, katika Ngome ya Yesu, na mwingine Pretoria. Mwili wa meli ulikatwa chuma chakavu katika miaka ya 1960, na mabaki yakamezwa na matope.

Lakini waliozivuta zile tanuri kutoka mtoni hata Dar es Salaam na kuzirudisha hawakuwa na mwandishi. Haijulikani nani aliugua njiani, nani alirudi kwao kabla ya mavuno ya mpunga, nani hakurudi. Nao walikuwa mwanzo tu. Vita vilipoendelea mpaka Novemba 1918, upande wa Waingereza peke yake ulipoteza wapagazi zaidi ya 40,000 kwa hesabu ya serikali, wengi wao kwa ugonjwa na njaa. Jina la Kariakoo mjini Dar es Salaam ndilo kumbukumbu yao inayotajwa kila siku na watu wasioikumbuka. Vitendo vyao vilitokea kweli, kwa saa ya kweli, katika nchi ya kweli. Kilichokosekana ni mtu wa kuipokea ishara.

Kwa sababu hiyo masimulizi ya wazee yaliyokusanywa katika miaka ya 1960 yana thamani kubwa. Bila ya kazi hiyo, Nandete ingalibaki mstari mmoja katika taarifa ya ofisa wa Kijerumani, na neno la kungoja amri lisingalisikiwa tena. Wazee wa Majimaji walisikilizwa kabla hawajaondoka duniani. Wapagazi wa Rufiji, kwa sehemu kubwa, hawakusikilizwa. Watoto wa watoto wao wangaliko Kibiti, Mohoro na katika vijiji vya mikokoni, na yale waliyoyasikia kwa babu zao hayajaisha yote. Maji ya delta hujaa na kupwa bila kuitwa na mtu, lakini habari za watu hungoja kuulizwa, wala hazingoji milele.